Egnogi ya Nyumbani kwa Sikukuu: Mwongozo Kamili wa Kuipika, Kuipoza na Kuitunza

Egnogi ina vitu vitano vya lazima: viini vya mayai, sukari, maziwa, krimu na kungumanga. Hakuna kilicho kigumu kupata wala kigumu kushika. Kinachowashinda watu ni moto. Joto likipungua, mayai hubaki mabichi na kinywaji huwa chepesi kama maziwa yaliyotiwa rangi. Likizidi kidogo, sufuria nzima inageuka mayai ya kuvuruga yanayoelea kwenye maziwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye zile dakika nane hivi za jikoni, kuanzia maziwa ya moto yanapokutana na mayai hadi sufuria inapoepuliwa. Mengine nitayapitia haraka.

Kwa asiyewahi kuionja, ni kinywaji kizito cha baridi, laini ulimini, rangi ya malai, chenye harufu ya kungumanga, kinachonywewa sana Krismasi na Mwaka Mpya, hasa Marekani na Kanada. Asili yake inarudishwa hadi Uingereza ya Zama za Kati, ambako watu walikunywa posset, yaani maziwa ya moto yaliyokatishwa kwa bia au divai na kutiwa viungo. Katika karne ya 18 kinywaji cha aina hiyo kilishika mizizi katika makoloni ya Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa mashamba yalikuwa na ng'ombe na kuku, na ramu ilifika kwa meli kutoka visiwa vya Karibi. Watu waliipenda kiasi kwamba mkesha wa Krismasi wa mwaka 1826, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point waliingiza wiski kwa siri ili watengeneze egnogi yao, na usiku ukaishia kwa vurugu zilizowafikisha baadhi yao mahakama ya kijeshi.

Egnogi ninayoeleza hapa haina pombe. Nimeipanga hivyo kwa makusudi, kwa sababu sikukuu huwakutanisha watoto, wazee, wajawazito na wasiotumia kilevi, na napenda wote wanywe kutoka bakuli moja. Anayetaka pombe atajitilia mwishoni, nitaeleza namna.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa karibu lita moja, yaani gilasi sita au saba ndogo. Ni kinywaji kizito, gilasi ndogo inatosha.

- Viini vya mayai makubwa 6
- Sukari gramu 100 (nusu kikombe)
- Maziwa yasiyopunguzwa mafuta, mililita 500 (vikombe 2)
- Krimu nzito mililita 250 (kikombe 1), iwe baridi kutoka friji
- Kungumanga iliyokwaruzwa wakati huo huo, nusu kijiko cha chai, na nyingine kidogo ya kunyunyizia
- Vanila kijiko 1 cha chai
- Chumvi, mbano mmoja wa vidole

Chumvi usiiache. Hutaionja, lakini bila hiyo utamu unakaa ulimini kama sukari tupu, na ladha ya krimu haijitokezi.

Maziwa yawe na mafuta yake yote. Ukitumia yaliyopunguzwa mafuta, egnogi itaganda kidogo kwa nguvu ya mayai lakini haitakuwa na ule ulaini unaobaki mdomoni. Kama maziwa yako ni mabichi, hayajasindikwa, yachemshe kabisa kwanza ndipo uyapime. Krimu nzito ina mafuta ya asilimia 36 au zaidi, na kazi yake hapa ni mbili: kuleta uzito, na kulipoza jungu kwa ghafla mara linapoepuliwa. Ukikosa krimu, tumia maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, ambayo tayari yamepunguzwa maji yake. Hayana mafuta mengi kama krimu lakini yanaleta uzito wa kuridhisha.

Mayai yawe mapya, yasiyo na ufa. Yapasue moja moja kwenye kikombe kabla ya kuyatia bakulini, ili yai moja bovu lisikuharibie matano mazuri. Tenganisha kiini na ute yakiwa baridi kutoka friji, kwa kuwa kiini baridi hakipasuki ovyo, kisha viache viini vipoteze ubaridi kwa robo saa. Ute uhifadhi, tutaurudia.

Sasa kungumanga. Hii ndiyo roho ya egnogi, na hapa ndipo naomba usikubali njia ya mkato. Nunua kokwa nzima. Unga uliokaa kabatini miezi mingi umeshapoteza mafuta yake yanayonukia, na unachobaki nacho ni ukali wa vumbi la mbao. Kokwa nzuri ni nzito mkononi kuliko unavyoitarajia kwa udogo wake. Ichome kwa ncha ya sindano, na kitone kidogo cha mafuta kitachomoza pale sindano ilipopita. Ikwaruze kwa upande mmoja na utaona ndani yake michirizi ya kahawia iliyokolea ikipita kwenye rangi ya mchanga, kama mishipa ya jiwe la marumaru, na harufu itakufikia kabla hujainua kokwa puani: tamu, yenye uchungu kidogo, yenye joto. Harufu hiyo haidumu. Ndiyo maana inakwaruzwa wakati wa kupika na tena wakati wa kumimina. Lakini usipitilize vipimo. Kungumanga nyingi ina kemikali ya miristisini inayoweza kumdhuru mtu, na vijiko vizima vyake si viungo tena. Nusu kijiko cha chai kwa lita ni salama na kinatosha kabisa.

Vyombo

Tafuta sufuria yenye kitako kizito, kwa kuwa kitako chembamba huchoma chini wakati juu bado pana vuguvugu. Iwe ya chuma cha pua au iliyopakwa enameli kwa ndani. Alumini tupu ikikwaruzwa na mchapo wa waya inaweza kuyafanya mayai yawe ya kijivu. Utahitaji pia bakuli la kupigia viini, mchapo wa waya wa kupigia mayai, upawa, mwiko wa mpira au wa mbao wenye ncha bapa, chujio lenye matundu madogo, na bakuli kubwa la maji yenye barafu ambalo bakuli jingine linaweza kukaa ndani yake.

Kipimajoto cha jikoni, ukikipata, kitakuondolea nusu ya wasiwasi. Ukikikosa, nimeeleza chini dalili za kutazama kwa macho.

Panga kila kitu mezani kabla ya kuwasha moto. Namaanisha kila kitu: chujio liwe juu ya bakuli, bakuli liwe juu ya barafu, krimu iwe imepimwa. Mara ya kwanza nilipopika egnogi nilikuwa bado sijatafuta chujio wakati mchanganyiko ulipoiva. Nilifungua makabati mawili, pengine nusu dakika nzima, na niliporudi maziwa yalikuwa yamejaa vipande vidogo vya njano. Mayai sita na krimu yote vilipotea kwa nusu dakika. Tangu siku hiyo siwashi jiko kabla meza haijakamilika.

Hatua ya kwanza: viini na sukari

Tia viini na sukari bakulini na uanze kupiga papo hapo. Usimwage sukari juu ya viini halafu ukaenda kufanya jambo jingine. Sukari hufyonza maji ya kiini pale inapokigusa, na kiini kikikosa maji kinashikana kuwa chembe ngumu za njano ambazo hazitayeyuka tena. Ukipiga mara moja, sukari inatawanyika kabla haijafanya uharibifu huo.

Piga kwa dakika mbili au tatu mpaka rangi ipauke kutoka chungwa hadi njano hafifu, na mchapo ukiinuliwa uachie utepe unaodondoka polepole na kukaa juu ya mchanganyiko kwa sekunde mbili kabla ya kuzama. Tia chumvi.

Hatua ya pili: kupasha maziwa

Maziwa na nusu ya kungumanga viingie sufuriani, moto wa wastani. Kungumanga inatiwa mapema kwa sababu mafuta yake yanayonukia huyeyuka kwenye mafuta ya maziwa, na joto linasaidia. Ile nusu nyingine itaingia mwishoni ili harufu ya juu isipotee na mvuke.

Maziwa yasichemke. Unataka yafike mahali ambapo viputo vidogo vinajipanga pembeni mwa sufuria kama uzi wa shanga, na mvuke unapanda taratibu. Yakifika hapo, punguza moto uwe mdogo kabisa na uiweke sufuria pembeni.

Hatua ya tatu: kukutanisha maziwa na mayai

Ukimimina mayai baridi kwenye maziwa ya moto, yale yatakayotangulia kugusa sufuria yataiva palepale kabla hujapata nafasi ya kukoroga. Kwa hiyo tunafanya kinyume: maziwa yanaifuata bakuli la mayai, kidogo kidogo, ili viini vizoee joto.

Weka kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli lisiteleze. Mkono mmoja upige viini bila kusimama, mwingine umimine upawa mmoja wa maziwa ya moto kwa mkondo mwembamba kama uzi. Maliza upawa huo, upige kidogo, halafu wa pili, halafu wa tatu. Ukigusa bakuli kwa nje sasa utasikia limepata uvuguvugu. Kuanzia hapo unaweza kumimina kwa kasi zaidi mpaka nusu ya maziwa iishe. Kisha rudisha kila kitu sufuriani, ukikoroga.

Hatua ya nne: moto mdogo, macho sufuriani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Weka simu mbali.

Kiini cha yai peke yake huanza kuganda kwenye nyuzi 65 za Selsiasi na kuwa kigumu kwenye 70. Ukikichanganya na maziwa na sukari, protini zake zinatengana na kuhitaji joto kubwa zaidi kabla hazijashikana, ndiyo maana mchanganyiko wetu unavumilia hadi karibu nyuzi 80. Upande wa chini mpaka ni nyuzi 71, joto ambalo bakteria wa salmonela hufa kwenye mchanganyiko wa mayai kama huu. Una nafasi ya nyuzi tisa hivi, kati ya usalama na kukatika. Lenga 75, epua hapo.

Rudisha sufuria kwenye moto mdogo na ukoroge kwa mwiko, si kwa mchapo, kwa kuwa mchapo huleta povu linalokuficha unachotakiwa kuona. Mwiko uguse kitako kila mara. Upitishe katikati, uzungushe pembeni ambako kitako kinakutana na ukuta, kisha urudi katikati. Mayai hupenda kujificha kwenye ile kona na kuiva kimya kimya.

Dakika mbili za kwanza utaona kama hakuna kinachotokea, na hapo ndipo wengi huongeza moto. Usiongeze. Mabadiliko huja kwa ghafla. Kwanza povu lililobaki juu kutokana na kupiga viini huanza kupotea, uso wa sufuria unakuwa laini na wenye mng'ao. Kisha mwiko unaanza kuhisi uzito, si wa uji, bali ule wa kupita kwenye mafuta badala ya maji. Mvuke unaongezeka. Sauti nayo inabadilika: mwanzoni maziwa hupiga kelele nyepesi ukutani mwa sufuria, na yanapoanza kuwa mazito kelele hiyo inakuwa nzito na kufifia.

Kama huna kipimajoto, toa mwiko, ugeuze, na uchore mstari kwa kidole mgongoni mwake (haraka, ni moto). Kama mstari unabaki wazi na kingo zake hazitiririki kuufunika, imeiva. Kama kingo zinaingia ndani, bado. Endelea nusu dakika na ujaribu tena. Jaribio hili huwa kweli pale mayai yameshapita nyuzi 71, lakini likikupa shaka na mezani kutakuwa na mtoto mdogo au mjamzito, kipimajoto ni bora kuliko kidole.

Kutoka hapo hadi kukatika kuna pengine nusu dakika. Epua papo hapo. Usiseme ngoja iwe nzito zaidi kidogo; uzito uliobaki utakuja wenyewe friji.

Hatua ya tano: kuchuja na kupoza

Mimina kupitia chujio ndani ya bakuli lililokaa juu ya barafu. Chujio litashika kamba nyeupe za yai, na vipande vyovyote vilivyoiva pembeni. Usivisukume kwa kijiko vipite, viache.

Sasa mimina ile krimu baridi na ukoroge. Joto linashuka mara moja na mayai yanaacha kuiva. Tia vanila na kungumanga iliyobaki. Endelea kukoroga mara kwa mara mpaka bakuli lipoe kabisa kwa nje, kama dakika kumi. Ukiacha bila kukoroga, ngozi itaganda juu.

Funika na uweke friji, angalau saa nne. Mimi huipika jioni na kuinywa kesho yake, na tofauti yake ni kubwa. Usiku ule kungumanga inapenya kila mahali, ile harufu ya yai inayosikika ikiwa bado na joto inatoweka, na kinywaji kinakuwa kizito kwa sababu mafuta ya krimu yameganda kidogo. Anayeionja saa ileile ya kupika anaweza kudhani amekosea. Hajakosea, aiache.

Ikikatika

Ukiona punje ndogo ndogo zinaanza sufuriani, usikate tamaa na usiendelee kukoroga juu ya moto. Epua, mimina krimu baridi yote humo humo, kisha upeleke kwenye blenda kwa nusu dakika na uchuje. Ikiwa ilianza tu kukatika, itarudi kuwa laini na hakuna mgeni atakayejua. Angalizo: mchanganyiko wa moto ukifunikwa ndani ya blenda unaweza kuruka, kwa hiyo jaza nusu tu na ufunike kwa kitambaa huku ukiacha mwanya wa mvuke. Ikiwa imeshakuwa mabonge yenye harufu kali ya yai lililochemshwa, hiyo haiokoki, anza upya.

Ikiwa nyepesi hata baada ya kulala friji, ilitolewa mapema, pengine kabla ya nyuzi 71. Irudishe kwenye moto mdogo, ukoroge mpaka 75, uchuje tena. Ikiwa nzito mno, ongeza maziwa baridi kijiko kimoja kimoja.

Povu la juu

Mapishi mengi ya zamani hutia ute mbichi uliopigwa mpaka ukawa kama theluji, na kweli unaipa egnogi wepesi wa kupendeza. Lakini ute huo haujapikwa. Ukitaka kuutumia hivyo, tafuta mayai yaliyosindikwa kwa joto yakiwa bado ndani ya maganda yake. Vinginevyo kuna njia mbili ninazoziamini.

Ya kwanza na rahisi: piga krimu nyingine mililita 100 mpaka isimame kidogo tu, uikunje kwa upole ndani ya egnogi baridi kabla ya kuandaa. Ya pili inachukua muda: tia ute wa mayai mawili na vijiko viwili vikubwa vya sukari kwenye bakuli la chuma, uliweke juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke bila kugusa maji, ukoroge bila kupumzika mpaka ufike nyuzi 71. Kisha uondoe na uupige mpaka upoe na kusimama. Unang'aa kama hariri na hauanguki haraka. Hapa kipimajoto ni lazima, hakuna dalili ya macho ya kutegemea.

Ukitaka pombe

Ramu iliyokolea rangi, brandi na bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ndizo zinazoafikiana na egnogi. Ramu inaleta utamu wa molasi, brandi harufu ya matunda, bourbon ladha ya vanila na mbao. Napenda zaidi brandi na ramu nusu kwa nusu.

Itie wakati egnogi imepoa kabisa, polepole, huku ukikoroga. Ikitiwa kwenye mchanganyiko wa moto, harufu yake hupaa na mvuke na inaweza kuyakatisha mayai. Mililita 120 za pombe ya asilimia 40 kwa lita moja zinakupa kinywaji cha asilimia 4 hivi. Utamu na krimu huficha ukali, mtu hujikuta amemaliza gilasi tatu bila kusikia chochote, kwa hiyo gawanya mabakuli mawili, uweke alama iliyo wazi kwenye lenye pombe, na uliweke mbali na watoto.

Kuna imani iliyoenea kwamba pombe inayasafisha mayai mabichi. Kwa kiasi hiki kidogo na kwa muda wa saa chache, haifanyi hivyo. Rebecca Lancefield, mwanasayansi wa New York aliyefahamika kwa kuyapanga makundi ya bakteria wa streptokoki, alikuwa na mapishi yake ya egnogi ya mayai mabichi na pombe nyingi aliyoiacha friji kwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu. Miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1981, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, alikokuwa akifanya kazi, waliitia egnogi ya namna hiyo salmonela kwa makusudi na kuifuatilia. Baada ya wiki moja bakteria bado walikuwamo. Baada ya wiki tatu hawakupatikana tena. Anayetaka kuifuata njia hiyo anahitaji pombe isiyopungua asilimia 20 ya ujazo wote, yaani pombe kali ya asilimia 40 kwa kiasi kinacholingana na mchanganyiko wenyewe, chupa ya kioo iliyosafishwa kwa maji ya moto, na subira ya wiki tatu kamili friji. Mimi hupika mayai. Ni kazi ya dakika nane, na kila mtu nyumbani anakunywa.

Kuitunza

Egnogi iliyopikwa, isiyo na pombe, inakaa friji siku mbili hadi tatu kwenye nyuzi 4 au chini yake. Chupa ya kioo yenye kifuniko ni bora kuliko plastiki, kwa kuwa haishiki harufu ya vitunguu na nyama vilivyo jirani. Itikise kabla ya kumimina, mafuta hupanda juu. Mezani isizidi saa mbili. Kama wageni ni wengi na wanakuja kwa mafungu, toa kidogo kidogo kutoka friji badala ya kuliacha bakuli zima nje, au liweke bakuli juu ya barafu. Na kile kilichobaki mezani usikirudishe kwenye chupa.

Friza inaiharibu. Ikiyeyuka inajitenga, maji upande huu na mafuta upande ule.

Ladha nyingine

Mara ya kwanza pika ile ya kawaida ili ujue unaibadilisha nini. Baada ya hapo, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu mbili vikitiwa kwenye maziwa wakati wa kupasha, kisha vikatolewa na chujio, vinaleta joto la viungo bila kuchafua rangi. Punje tatu za iliki zilizopondwa nazo zinakaa vizuri sana na krimu. Karafuu usizidishe, inameza kila kitu.

Huko Puerto Rico Krismasi huja na coquito, yenye tui zito la nazi, maziwa ya kopo, mdalasini na ramu, na mara nyingi haina mayai kabisa. Meksiko kuna rompope, yenye viini vingi na rangi ya njano iliyokolea, na Uholanzi wana advocaat, nzito kiasi cha kuliwa kwa kijiko. Kwa asiyekunywa maziwa, tui la nazi hapa linafaa kuliko kitu kingine chochote: tui jepesi mahali pa maziwa, tui zito mahali pa krimu, mayai na moto vilevile. Ila lichunge lisichemke, tui nalo hukatika.

Kwa wageni wengi, usizidishe vipimo mara nne ndani ya sufuria moja. Viini 24 kwenye sufuria yenye kina kirefu huiva chini wakati juu bado, na mkono wako hautafika kila mahali. Pika mara mbili au tatu, kila mara viini 12 kwa wingi, na uchanganye vikiwa baridi.

Kuandaa

Vikombe vikae friji nusu saa. Mimina, weka kijiko cha povu au krimu, kisha ukwaruze kungumanga juu ya kila kikombe mbele ya mgeni, mikwaruzo mitatu au minne. Harufu itamfikia kabla ya kinywaji. Anayependelea ya moto, ipashe kwenye moto mdogo hadi nyuzi 60 tu, ukikoroga, na usiipashe mara ya pili.

Ute uliobaki unakaa friji hadi siku nne, au kwenye friza miezi kadhaa ukiwa umeandikwa idadi. Egnogi ikibaki kikombe kimoja siku ya tatu, chovya humo vipande vya mkate uliokauka na uvikaange kwa siagi asubuhi, moto wa wastani, maana sukari iliyomo huungua upesi. Sufuria uliyopikia iloweke kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto hulipikisha yai na kuligandisha kwenye kitako, na utasugua mpaka Mwaka Mpya.